Mji, Pindo na Tone

Neno tingatinga lina wenyewe watatu. Yuko Tingatinga aliyezaliwa, akachora, akafa. Liko tingatinga linaloingia shambani na kukwama matopeni. Na iko tingatinga, picha ya kuchorwa kibaoni, inayofungwa kwa gazeti na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Tazameni, wenzangu, lugha ilivyowatenganisha hawa watatu bila kuongeza hata herufi moja kwenye jina: alikufa, limekwama, imeuzwa. Kazi yote imefanywa na ngeli. Mgeni anayejifunza Kiswahili akija kulalamika kwamba ngeli zetu ni mzigo usio na faida, mwonyesheni sentensi hizo tatu.

Mtambo, kwa sikio langu, umepata jina kwa mlio wake. Ni mwigo, ndugu yake pikipiki. Mtu alilipata kwa ukoo wake, kusini huko Tunduru, alikozaliwa mwaka 1932 kwa baba Mngindo na mama Mmakua, akaitwa Edward Saidi Tingatinga. Kibao nacho kikalipata kwa mtu. Jina la ukoo likishuka hadi kuandikwa kwa herufi ndogo, ni heshima na ni hasara kwa pamoja: mtindo mzima unasimama chini yake, lakini yeye mwenyewe anapotea ndani ya mtindo. Pendekezo langu la kwanza ni la herufi tu. Mtu na kazi za mkono wake tuandike kwa herufi kubwa. Mtindo na vyote vilivyofuata, herufi ndogo. Kwa hiyo Tingatinga ni ya miaka ile michache kati ya 1968 na 1972, na tingatinga ni ile iliyokauka jana pale Msasani. (Hayati Rais Magufuli, aliyeitwa Tingatinga kwa utani na kwa sifa, alirithi jina la mtambo, si la mtu. Herufi kubwa yake inatoka kwingine.)

Sisi wa Mwera, na watu wa pwani ya Pangani kwa jumla, tuna sababu ya kumdai marehemu huyu. Kabla hajashika brashi, katika miaka ya 1950, alikuja mkoani kwetu Tanga kufanya kazi ya mkonge. Mtu wa namna hiyo tulikuwa na jina lake: manamba. Ni neno lililotengenezwa kwa namba, kwa sababu kibarua aliandikishwa kwa tarakimu na kupewa kipande chake, na mwenye shamba hakuwa na haja ya kujua ameitwa nani kwao. Leo manamba ni neno la kihistoria, na vijana wengine wanalitumia kwa utani. Nami nalitaka libaki katika maelezo ya maisha yake. Waandishi wengi hupita hapo haraka na kuandika "alifanya kazi katika mashamba ya mkonge", maneno yanayofaa hata kwa meneja. Aliyekuwa manamba kisha akawa jina linalotambulika dunia nzima amepita safari ambayo neno moja linaweza kuibeba.

Na mkonge wenyewe? Waliotutangulia walikuwa na mkonge kabla ya mkonge. Jina hilo lilikuwa la mmea wa porini wenye majani marefu mazito, uliotoa nyuzi za kamba. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaleta mmea wa Amerika kutoka Florida, kwa njia ya Hamburg. Miche 62 ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, hapa hapa ng'ambo ya mto Pangani. Ule mgeni ukachukua jina la mwenyeji, na mwenyeji sasa anaitwa mkonge wa mwitu, kana kwamba yeye ndiye aliyetoroka shambani. Likumbukeni hili, tutalihitaji mbele kidogo.

Sasa, kwa nini namweka Tingatinga karibu na wazee wachoraji wa jangwa la Australia? Kwa sababu nimekuwa nikiombwa Kiswahili cha kuwaelezea, na kila neno ninalolipima kwao linanirudisha kwake. Clifford Possum Tjapaltjarri, mmoja wa mabingwa wa nchi ile, alizaliwa karibu na 1932, akachunga ng'ombe wa walowezi, akachonga miti, na baadaye ndipo akachora. Huko Papunya, mwaka 1971, wazee walianza kutia michoro yao juu ya vibao kwa rangi zilizokuwapo, hata rangi ya nyumba. Tingatinga alitumia mbao za dari na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 wa Papunya walianzisha chombo chao cha ushirika, Papunya Tula. Mwaka huo huo Tingatinga alipigwa risasi usiku jijini Dar es Salaam na polisi waliodhani gari alimokuwamo ni la wahalifu. Hawakujuana. Lakini msamiati unaomtosha mmoja ukimpwaya mwingine, basi tuuchunguze, maana pengine haukumtosha hata yule wa kwanza.

Tuanze na jina la kazi. Mchoraji limezoeleka, na sina ugomvi nalo. Naongeza jambo la sarufi tu: -ji hupungua pale kazi inapotajwa. Twasema mchora katuni, mchora ramani, mfua chuma. Kwa hiyo ni mchora tingatinga, si mchoraji wa tingatinga, ambalo limeongezewa kiungo lisichokihitaji. Kuchora kwenyewe ni kitenzi kipana. Mtoto huchora mchangani kwa kidole, mhandisi huchora nyumba, na siku hizi mtu huchorwa na wenzake akapoteza fedha, au akajichora mwenyewe mbele za watu. Neno lililokubali kubeba hayo yote lina afya.

Kupaka je? Paka mafuta, paka wanja, paka matope. Kupaka ni kufunika, na kwa hiyo kuna harufu ya hila ndani yake: mtu hupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wa ujenzi hawasemi kupaka kila mara, wanasema kupiga rangi, na anayepiga rangi ni fundi rangi. Hapo nasimama, kwa kuwa Tingatinga alipitia kazi za ujenzi jijini kabla ya kuwa mtu wa maonyesho, na rangi aliyochorea chui wake ilitoka katika dunia hiyo hiyo. Fundi rangi na mchora picha wanauziwa mkebe mmoja katika duka moja.

Kwa hiyo nampa ufundi kuliko usanii. Msanii ni neno zuri lililopata masaibu. Limetoka kwenye sanaa, na sanaa kwa Waarabu ina maana ya kutengeneza, kazi ya mikono. Lakini msanii wa leo mjini ni mwimbaji, na usanii ni ulaghai. "Huyo analeta usanii" hakuna anayedhani amesifiwa. Fundi halijaharibika. Wapo wanaobishania asili yake, lakini mimi nasikia ndani yake kufunda, yaani kutia mtu maarifa mpaka yakae, kama mwari anavyofundwa na kungwi. Wazee wa Papunya walikuwa hivyo hivyo: waliochora ni waliofundwa, na hawakuweza kuchora wasichofundwa. Mchonga milango ni fundi, mshona kanzu ni fundi, mganga ni fundi. Sioni kwa nini mchora picha aondolewe katika ukoo huo kwa sababu tu picha yake inaning'inizwa ukutani.

Picha ni picha, haitaki msaada wetu. Kitenzi kinamaliza kazi: ikipigwa ni ya kamera, ikichorwa ni ya mkono. Taswira tuwaachie wahakiki wa mashairi. Sanamu, ambalo zamani lilitumika hata kwa picha bapa, limeshahamia kwenye jiwe na mti na halirudi.

Nakshi linanikera likitumiwa ovyo. Ni neno la heshima, la Kiarabu, lina milango na sahani na mihimili ndani yake, na pwani hatulichoki. Lakini nakshi ni pambo. Linaweza kuondolewa, na mlango ukabaki mlango. Michoro ya wazee wa jangwani haikuwa pambo la kitu kingine; kabla ya vibao waliichora vifuani mwa watu na juu ya ardhi iliyosawazishwa, wakati wa sherehe, na kila mstari ulikuwa na mwenye haki ya kuuchora. Ukiuita nakshi umeuvua sheria yake.

Neno tunalo, nalo ni nembo. Leo nembo ni ya Taifa, ya benki, ya timu ya mpira, ya chupa ya maji. Lakini nembo ya kwanza ilichanjwa mwilini: zile chale za usoni na kifuani zilizosema mtu ni wa wapi, amepita jando lipi, ni wa nani. Wamakonde na Wamakua ndio waliozishika sana, na mama yake Tingatinga, nimekwisha kusema, alikuwa Mmakua. Nembo ni alama isiyomilikiwa na anayeichora pekee. Kwa michoro ya jangwani sijapata jina bora zaidi. Na nikitamka "nembo za Clifford Possum", benki itasogea kidogo na kumpisha mwenye neno.

Kuna ndugu mwingine aliyesafiri njia hiyo hiyo. Kinyago na unyago ni watoto wa mzizi mmoja. Kinyago kilitoka mafunzoni, kilikokuwa na kazi ya kutisha na kufunza, kikafika sokoni kikawa bidhaa ya mtalii. Njiani kikaokota na maana ya tatu, ya kitu kibaya kisicho na umbo. Silaumu soko. Nasema tu kwamba nembo bado inaweza kuokolewa.

Wenye nembo hizo tuwaiteje? Magazeti huandika Waaborijini, neno la Kilatini lililopitia Kiingereza, na ulimi wa Mswahili hujikwaa mahali zinapokutana zile a mbili. Wengine huandika wazawa. Hapa pwani tuwe waangalifu: mzalia, jirani wa mzawa, alikuwa mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake, na wazee hawakulisahau hilo. Asilia ni kivumishi kizuri ila kinanukia dawa na vipodozi. Mimi nachagua wenyeji. Mwenyeji ni mtu wa mahali, na papo hapo ni yule anayempokea mgeni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," twasema, na ukiitamka methali hiyo juu ya Australia, ambako mgeni alitia nanga mwaka 1788, inakukaba kooni. Hilo ndilo nilitakalo kwa neno: libebe historia bila tanbihi. Mgeni yule naye, kama mkonge wa Kikogwe, leo ndiye anayedhaniwa akitajwa jina la nchi, na mwenyeji anaongezewa kivumishi.

Jangwa: nimelitumia hapo juu kwa mazoea, na sasa naomba tulipime. Kwetu jangwa ni pasipo kitu. Hakuna maji, hakuna njia, hakuna mtu. Wazee wa Papunya walichora visima, njia, matunda, chungu wa asali, moto, nyayo, mahali babu alipoketi. Hapo hapana jangwa hata kidogo. Mrima, pwani yetu hii, una jozi yake ya kale, pwani na nyika, na nyika ni kukavu kwenye miba na umande mchache, lakini kuna watu na wanyama na majina. Nafahamu kwamba neno hili nalo lina doa, kwa kuwa Wanyika lilikuwa jina la kuwadharau majirani zetu Wamijikenda mpaka walipolikataa. Hata hivyo nyika yenyewe haina kosa. Mchoraji wa nyika: mnalisikiaje?

Gumu kuliko yote ni lile jina la imani ya wenyeji hao. Wazungu, tangu mwishoni mwa karne ya 19, wamekuwa wakilifasiri kwa neno lenye maana ya ndoto, na wafasiri wetu wamefuata: "Enzi ya Ndoto". Wapintupi, watu wa nyika hiyo, na majirani zao husema tjukurrpa, Wawarlpiri jukurrpa. Ni mwanzo wa ulimwengu ambao haujaisha. Ni viumbe wa kwanza waliotembea na kuacha milima na visima mahali walipopita. Ni sheria ya ndoa na ya mazishi. Na ni haki ya kuchora. Ndoto ya Kiswahili huja usingizini na kuondoka alfajiri. Njozi na ruya zina utukufu zaidi, lakini nazo zinampata mtu mmoja aliyelala. Ngano tusiitaje kabisa, maana ni hadithi ya kuburudisha watoto.

Ninaleta jadi. Kwa Kiarabu ni babu. Kwetu limekua likawa babu, na desturi ya babu, na wakati wa babu, vyote kwa mkupuo. "Tangu jadi" ni wakati. "Jadi yetu" ni sheria. "Mwenye jadi" ni mtu mwenye asili. Sijui neno jingine letu linaloshika wakati, sheria na nasaba kwa pamoja bila kufundishwa. Jadi ya Chungu wa Asali, basi, ndiyo iliyochorwa kwenye ukuta wa shule ya Papunya mwaka 1971. Jadi ya Kiazi ndiyo ya Emily Kame Kngwarreye.

Na mahali jadi ilipotua pana jina pia, ila tumeliacha likapotoshwa na filamu. Kwa vijana wa leo mzimu ni kiumbe anayetokea usiku. Kwa mtu wa Tanga mzimu ni kwanza mahali: pango, mbuyu, jiwe, panapopelekwa ubani na sadaka. Watu hupeleka hadi leo katika mapango ya Amboni. "Kwenda mzimuni" kuna kiishio cha mahali, na kiishio hakidanganyi. Visima na majabali ya wenyeji wa Australia ni mizimu kwa maana hii ya kwanza, ya kistaarabu.

Nimemtaja Emily Kngwarreye, nami sitaki kumpita upesi, kwa kuwa ana maneno mawili yanayotuhusu. Alizaliwa karibu na 1910, huko Utopia katika nyika ya kati, na alikuwa mzee wa miaka karibu 80 alipoanza kuchora kwenye turubai, akafariki 1996. Kabla ya turubai, kwa miaka kumi na zaidi, kazi yake ilikuwa batiki. Neno hilo ni la Kijava, na sisi tumeligeuza likawa kitambaa: "amevaa batiki". Kwa fundi batiki ni kitendo, kuzuia rangi kwa nta ili ifike inapotakiwa tu. Kina mama wanaotengeneza batiki hapa kwetu wanaijua tofauti hiyo mikononi mwao, kamusi haijaijua bado. Kumwita Emily "mchoraji aliyeanza uzeeni" ni kuidharau nta. Alianza zamani, alibadili kitambaa.

La pili ni kiazi. Kame ni jina lake na ni la ua na mbegu za kiazi cha porini, kile kinachopasua ardhi juu yake kinapokomaa chini. Picha yake kubwa ya mwaka 1995, ya mita nane kwa tatu, ni mistari mieupe iliyosokotana juu ya weusi. Wafasiri huandika "kiazi kikuu". Sivyo. Kiazi kikuu kinalimwa, kinapaliwa, kinauzwa. Sisi wa Mrima tuna ndiga, kiazi cha msituni chenye sumu, kilichookoa watu miaka ya njaa kwa kulowekwa na kuoshwa siku nyingi. Mmea si ule ule, najua, na chake hakina haja ya kuoshwa hivyo. Lakini ndiga lina njaa na maarifa ya bibi ndani yake, na kikuu lina soko. Kama mfasiri ananiogopa kwa habari ya botania, na aandike kiazi mwitu.

Sasa nifike kwenye tone, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Dunia inazijua picha za nyika ile kwa vile vitu vidogo vya duara vilivyopangwa maelfu kwa maelfu. Nimeona vikiitwa nukta, madoa, mabaka. Nukta ni ya kalamu na ya hesabu, na humaliza sentensi. Doa ni kasoro. Nguo yenye doa hufuliwa. Baka ni la ngozi. Vile ni vitone, na kitenzi chake tunacho tangu bibi zetu: kutona. Bibi harusi hutonwa hina, tone kwa tone, kwa kijiti, mpaka ua likamilike kiganjani. Wazee wa Papunya walitona kwa kijiti. Sioni tofauti ya kitendo. Picha ya kutonwa, mtona picha, utonaji: yote yanakubali sarufi yetu bila kusukumwa.

Ubora wa kutona hauishii hapo. Vibao vya mwanzo, vya 1971 na 1972, vilionyesha wazi mambo ambayo wasiopita jandoni hawakupaswa kuyaona. Wenyeji wa sehemu nyingine walilalamika, na wachoraji wakaanza kuyafunika. Vitone vikaongezeka, vikajaa, vikawa pazia. Anayejua anaona, asiyejua anafurahia rangi. Mwanamke wa pwani anaelewa jambo hili bila mhadhiri, kwa kuwa anavaa kanga yenye maneno ambayo jirani mmoja tu ndiye atakayeyahisi. Twaliita fumbo, na fumbo ni kufumba, kama jicho au kiganja. Vitone vile ni mafumbo ya kutonwa. Na kitenzi kina ndugu mkali, kutonesha, yaani kugonga kidonda kikaanza upya. Aliyechora kisima kilicho ndani ya ua wa mlowezi ametona na ametonesha.

Kanga imeingia, basi isitoke bila kutupa maneno mengine mawili. Kamusi na vitabu vya shule vinatupa mandharinyuma, kwa maana ya kile kilicho nyuma ya umbo kuu la picha. Ni neno lililoshonwa kwa kufuata kipande cha Kiingereza, na linadhani kila picha ina mbele na nyuma kama jukwaa. Tingatinga alipaka kibao chote rangi moja, kisha akamweka chui juu yake. Hakuna kilima kwa mbali, hakuna upeo. Wazee wa nyika walichora wameketi, kibao kikiwa chini mbele yao, na nchi ikiwa imelala kama inavyoonwa kutoka juu. Nyuma iko wapi?

Fundi wa kanga hana tatizo hilo. Uwanja wa kati anauita mji, na ukingo unaozunguka anauita pindo. Nasema tuvichukue. Mji wa picha hii ni mwekundu. Chui amesimama katikati ya mji. Pindo halina kitu. Kwa picha za Papunya neno linakuwa tamu zaidi, kwa kuwa ile miduara iliyomo ndani ya miduara aghalabu ni kituo cha watu au kisima: ni miji midogo ndani ya mji. Mandharinyuma waachiwe wapiga picha za harusi, wanaotundika pazia la maua nyuma ya maharusi. Pale ni nyuma kweli.

Shule ya Tingatinga. Hapo nasita, kwa kuwa watu hutafuta darasa. Waliofuata, kina January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na Casper Tedo, walikuwa jamaa na watu wa kwao waliokaa karibu naye wakaiga. Chuo kwetu kina msahafu na bakora. Ukoo lingefaa, ila wa leo si ndugu tena. Tangu 1990 wana chama chao cha ushirika, na ushirika linatosha kwa mambo ya fedha na vikao. Kwa habari ya mtindo napendekeza mkono. Husemwa mtu ana mkono mzuri wa kuandika, na mpishi ana mkono wake. Picha ya mkono wa Tingatinga ni ile iliyofuata alivyofundisha kushika brashi. Wenye sikio kali watasema linachanganya na "iliyochorwa kwa mkono wa Tingatinga mwenyewe". Kweli. “Ya” dhidi ya “kwa”: tofauti ni nyembamba, lakini imo.

Mzee. Tingatinga alikufa na miaka 40 tu, kwa hiyo kumwita mzee ni adabu ya Kiswahili isiyohesabu mvi. Kwa wenyeji wa Australia uzee ni cheo: mtu aliyepewa jadi ya kutunza. Mhenga lingetufaa kama mtandao usingeligeuza kejeli ya kumwita mtu aliyeona simu ya kukoroga. Mrima ulikuwa na jumbe, diwani, shaha na akida. Diwani sasa anapigiwa kura, na wengine wamekwisha. Naona tuwaazime mwenye, lile la "mwenye mji". Wawarlpiri wenyewe wana watu wawili juu ya kila jadi: kirda, aliyeirithi kwa baba, na kurdungurlu, anayeiangalia kwa sababu ni ya upande wa mama yake, na ambaye humkosoa yule wa kwanza akichora vibaya. Kiswahili kilikwisha kutayarisha nafasi zao: mwenye wa kuumeni, mtunza wa kukeni. Sikutunga chochote hapo.

Wakifa, nyika ile hulificha jina la mtu kwa muda. Hata anayeitwa jina lile lile hupewa jingine la badala. Sisi tunaliacha jina na kulitangulizia kitambaa: marehemu, aliyerehemewa. Hayati, uhai, tunawawekea wakubwa. Nimesikia Tingatinga akiitwa kwa maneno yote mawili. Marehemu linanitosha, anayemwita hayati anataka kumjengea mnara.

Mwisho, jina lenyewe chini ya picha. Zipo duniani picha nyingi zilizoandikwa E. S. TINGATINGA ambazo mwenyewe hakuzigusa. Bei inafanya hivyo. Huko kwa wenzake, picha ya Clifford Possum ya mwaka 1977 iitwayo Warlugulong, iliyouzwa kwanza kwa dola 1,200 za Australia, ilifika dola milioni 2.4 mnadani mwaka 2007, naye alikwisha kufa tangu 2002. Nao wana vilio vyao vya majina yaliyoghushiwa. Tuna maneno mawili kwa alama hiyo, na tunayatumia kama pacha: saini, kutoka Kiingereza, na sahihi, kutoka Kiarabu. La pili lina maana ya kilicho kweli, kisicho na kasoro. Nawaombeni tuyatenganishe. Saini iwe herufi zilizoandikwa, na sahihi iwe herufi zilizoandikwa na mwenyewe. Kibao cha kughushi kitakuwa na saini bila sahihi. Kibao cha mwanafunzi, alichokichora juu ya kielelezo cha mwalimu kisha mwalimu akaandika jina, kitakuwa na sahihi lakini hakikuchorwa kwa mkono wake, na kwa hicho bado sijapata neno. Mwenye nalo, Pangani au Tunduru, na alilete.